Paka wa Amana

Habari hii nimeisimulia mara nyingi kama kichekesho. Nimeisimulia Dar es Salaam, katika chumba tunamokutana vijana tunaoandika, tukinywa chai ya rangi kwa vikombe vya kuazima, na kila mara wenzangu wamecheka mpaka wakajifuta machozi: kijana wa chama aliyemtaifisha paka wa shangazi yake! Wakicheka, nami hucheka. Nikibaki peke yangu, uso huniwaka. Kichekesho changu huishia dukani, kabla ya barua. Leo nataka kufika kwenye barua.

Mwaka ule wa unga wa njano nilikuwa nikikaa Ng'ambo, Tabora, kwa shangazi yangu, dada wa baba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nikingoja kuitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na riziki yake ilikuwa kusuka mikeka. Nyumba yetu ya udongo ilitazama barabara ya vumbi jekundu, ile ile ambayo wazee walisema wapagazi waliishika kwenda Ujiji, na mvua zikianza vumbi lile liligeuka tope lililokwapua kandambili miguuni mwa watu. Vijana wa mtaa walikuwa wamenichagua katibu wao. Nilikuwa na kalamu mbili katika mfuko wa shati, na nilitembea kama mtu anayesubiriwa mahali.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na nyumba kubwa ya familia ya asili ya Kiarabu, watu wa biashara ya vitambaa na samli tangu enzi za misafara. Bibi wa nyumba ile na shangazi yangu walikuwa marafiki tangu shangazi alipoletwa mtaani bibi harusi. Ramadhani, sahani zilivuka barabara kila magharibi, na hazikurudi tupu: ikienda na tambi, ilirudi na kisamvu. Kisha duka lao likafungwa, nyumba ikatakiwa kuwa ofisi, na wanawe wakaamua kuondoka wote kwenda kwa ndugu zao Arabuni.

Siku ya kuondoka, wachukuzi waliburuta makabati na vitanda tangu alfajiri. Bibi alikuwa na paka jike wa rangi ya majivu, kifua cheupe, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile na hakuwahi kukanyaga barabara. Makelele yalipozidi, paka akapanda juu ya dari, akajibana gizani, wala hakushuka. Walimtafuta kwa tochi, wakamwita, wakamwekea maziwa. Mwisho mwanawe mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mengi zaidi ya paka, "Mama, garimoshi halitamngoja."

Bibi akamshika shangazi mkono pale mlangoni. "Nakuachia amana," alisema. "Iko juu ya dari. Usimwite kwa nguvu, atazidi kujificha. Mwite *taali*, yaani njoo kwa Kiarabu, hilo tu ndilo analolijua."

Shangazi akaweka mkono kifuani. "Nimeipokea."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimejitwisha sanduku la Bibi. Nilisikia kila neno. Siwezi kusema sikujua.

Siku nne shangazi alivuka barabara asubuhi na jioni, akiketi sakafuni katika nyumba tupu na kuita kwa upole. Siku ya tano wakaja mafundi wa ofisi, nao hawakuwa na muda wa kuita. Walichokonoa dari kwa upondo. Paka alianguka na vumbi lote la dari, akakimbia huku na huku akijigonga kutani, na shangazi akamdaka kwa kanga yake, akachanwa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Hivyo ndivyo alivyoingia nyumbani kwetu: damu, utandu wa buibui na mlio nisioweza kuuelezea. Alipofunguliwa aliingia uvunguni mwa kitanda cha shangazi, na mwezi mzima hatukumwona. Tuliona sahani tu, asubuhi, ikiwa imelambwa.

"Ukiingia chumbani mwangu," shangazi aliniambia, "ingia kama mtu aliyesahau kitu. Usiiname kumtazama. Usimtafute. Akijua anatafutwa atazidi kujificha."

Kinu chetu akakihamishia kwa jirani, akawa anakwenda kutwanga huko, kwa sababu mitwango ilimfanya paka apige kucha kwenye fremu ya kitanda. Kazi yake akaihamisha kutoka barazani. Aliketi sakafuni chumbani, mgongo kwa kitanda, akisuka ukili. Kwa asiyejua, ukili ni ule mshipi mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, kisha ndio unashonwa kuwa mkeka. Ukisukwa hurefuka taratibu, na shangazi aliuacha urefuke nyuma yake, kuelekea uvunguni, ukijongea kidogo kidogo kila alipovuta na kukunja. Hakugeuka hata mara moja. Miezi ile nilimfahamu shangazi yangu zaidi kwa mgongo wake.

Sahani ya bati ilianza ukutani kabisa, nyuma ya kitanda. Kila Ijumaa baada ya sala aliisogeza shibiri moja kuja katikati ya chumba. Paka akikataa kuifuata, sahani ilirudishwa nyuma shibiri moja. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, paka alirudi ukutani akakaa huko wiki mbili, na sahani ikarudi naye safari yote, tangu karibu na mlango. Nikamwona shangazi akiisukuma kwa kidole, bila kushusha pumzi, bila kulalamika.

Mimi niliyatazama hayo kwa dharau ya kijana aliyesoma vijitabu.

"Shangazi, paka huyu ni kupe," nilimwambia siku moja. "Anakula jasho la mwenzake."

"Kupe humng'ang'ania mtu, babaangu," akajibu, akiendelea kusuka. "Huyu mbona anatukimbia?"

Ndivyo alivyoniita, babaangu, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

Siku paka alipoigusa ncha ya ukili kwa mara ya kwanza, nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. Mkono mdogo wa kijivu ulitoka uvunguni, ukagusa, ukarudi. Ukatoka tena. Shangazi aliuhisi mvuto ule vidoleni mwake. Hakugeuka. Niliona tu midomo yake, kwa upande, ikitetemeka kwa kicheko alichokizuia kisitoke, na vidole vikaendelea, juu, chini, juu, chini, na paka akashika ukili kwa mikono miwili.

Kisha mambo yakaja kwa wepesi wake, kama maji yaliyopata mfereji. Akalala karibu na sahani. Akafika mlangoni. Akaitazama sebule. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza mkekani nikisoma, akatoka chumbani polepole, kila hatua ikifikiriwa, akanizunguka, akaketi juu ya ukurasa wangu. Sikusogea hata mguu uliokufa ganzi. Siku chache baadaye nilithubutu kusema, kwa sauti ndogo, "Taali," na akaja. Mtu asiyewahi kuaminiwa na kiumbe mwenye hofu hajui utamu wake. Nilijiona nimechaguliwa na mtu asiyeridhishwa kirahisi.

Nayaandika haya ili ieleweke kwamba nilikuwa napendwa na paka yule. Nilichofanya niliyafanyia mapenzi hayo.

Duka la ushirika la mtaa wetu lilikuwa chumba kimoja chenye mzani, kaunta ya mbao na magunia. Mwuzaji alikuwa mzee mtulivu wa upande wa Nzega, aliyesalimu kila mtu "mwangaluka" asubuhi, awe Mnyamwezi, awe Mwarabu. Mwaka ule mahindi yalikuwa yamekauka mashambani na unga wa njano ulipoletwa, watu waliupangia foleni kwa kilo chache kila nyumba. Panya nao walipata habari. Walitoboa magunia, wakamwaga, wakachafua. Akina mama walichekecha unga wakikunja nyuso. Hilo lilikuwa jambo la kweli, na ukaitishwa mkutano katika darasa la shule ya msingi.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa.

"Ndugu wananchi," nikasema, "katika mtaa huu yupo mkazi mmoja anayekula dagaa wa Kigoma asubuhi na jioni. Halimi. Hatwangi. Hajawahi kushika jembe. Analala mchana kutwa, na alizoea hivyo tangu kwenye nyumba ya matajiri."

Darasa likanyamaza. Nikaona watu wakitazama chini. Mwanamume mmoja mwenye kiduka cha sigara akafunga kifungo cha shati lake la juu, akakifungua, akakifunga. Zilikuwa siku ambazo maneno kama hayo, yakisemwa na mwenye kalamu mfukoni, yangeweza kumwangukia yeyote. Nilikiacha kimya kile kikae kidogo. Nilikipenda. Hilo sijawahi kulisimulia.

"Ni paka wa shangazi yangu!" nikasema.

Kicheko kilichopasuka kilikuwa cha watu waliofunguliwa kamba. Wakapiga meza. Nikaendelea, nikiwa nimepanda sasa: kwa nini paka awe wa nyumba moja wakati panya ni wa mtaa mzima? Tangu kesho, nikasema, paka yule ni wa wote, atalinda chakula cha wote. Wakanipigia makofi. Mwuzaji peke yake aliuliza, "Ndugu Katibu, na mwenyewe amekubali?"

"Mwenyewe ni mwananchi kama sisi," nikajibu.

Mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nzega msibani, siku nne. Alipokuwa akifunga kitambaa chake kichwani aliniambia, "Sahani usiisogeze, iache ilipo. Ni sisi wawili tu anaotujua, babaangu, kwa hiyo usilale nje." Akaenda na moyo mweupe.

Asubuhi ya pili nilichukua gunia tupu, nikalikunja nyuma ya mgongo. Paka alikuwa chumbani. Ningeweza kumtupia gunia akiwa amelala, ningeweza kumwita jirani tumkamate. Nisingesema kwamba hayo yangekuwa mema, lakini yangekuwa ubaya wa kawaida. Mimi nilichuchumaa sebuleni nikasema, "Taali."

Akaja mkia juu.

Njiani watu walinichekelea. "Katibu, umemkamata mlanguzi gani leo?" akapaza sauti fundi baiskeli. "Mlanguzi wa dagaa!" nikajibu, na nikafurahi jinsi lilivyonitoka haraka. Gunia halikupiga kelele. Lilikuwa zito na limetulia, na lilitetemeka mfululizo, kama redio iliyowashwa bila sauti.

Dukani nilifungua mdomo wa gunia. Hakutoka. Nikaligeuza kichwa chini, nikalikung'uta, akadondoka, akatambaa tumbo chini kando ya ukuta, akapotea nyuma ya rundo la magunia. Watu walikuwa wamejaa mlangoni kumwona mfanyakazi mpya. Wengine walipanda dirishani. Mtu akapiga debe ili atoke. "Mpeni nafasi," nilisema, "anasoma mazingira."

Siku iliyofuata mwuzaji aliniita pembeni. "Ndugu Katibu, samahani," alisema, uso wake mtulivu kama kawaida. "Panya wamekula dagaa wa paka."

Kwenye kichekesho changu, hapo ndipo watu huanguka chini kwa kucheka. Huwa siwaambii kwamba siku ya tatu nililala kifudifudi kwenye sakafu ya duka, nikatazama upenyo kati ya magunia na ukuta, nikaona macho mawili, na kwamba nilinyoosha mkono nao mkono wangu haukufika. Nikainuka, nikajifuta unga, nikawaambia waliokuwepo kwamba kazi inaendelea.

Shangazi alirudi mchana wa siku ya nne, kifurushi kichwani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, babaangu. Hamjambo hapa?" Akaingia chumbani. Nikamsikia akitua kifurushi. Akatoka na sahani mkononi, dagaa wamekauka juu yake. "Yuko wapi?"

"Yuko dukani, Shangazi. Anasaidia."

"Anasaidia nini?"

"Panya wanamaliza unga wa wananchi. Tulikaa mkutano, tukaona kwamba kitu kikiwa cha mtu mmoja..."

"Hakuwa wangu," akasema. "Mimi mwenyewe sikuwa na ruhusa ya kumtoa. Nawe ulikuwapo nilipompokea." Akaitazama sahani. "Bila shaka ulimbeba kwa gunia. Aliingiaje humo?"

Nikaziweka sawa kalamu mfukoni.

"Nakuuliza. Huyu akiona gunia hupanda ukuta. Aliingiaje?"

"Nilimwita."

"Ulimwitaje?"

"Alivyozoea kuitwa."

Shangazi yangu aliketi kwenye kizingiti, kandambili za safari bado miguuni. Sikuwahi kumwona akiketi kizingitini. Yeye ndiye aliyetukataza tukiwa wadogo. Alikaa hapo kiasi cha mtu kumaliza kusoma Yasini. Kisha akaingia ndani, akachukua ukili wake na fungu la ukindu, akatoka.

Foleni ya unga ilikuwa imefika barabarani. Shangazi hakuingilia mtu. Aliomba njia kwa kila mmoja, "niwieni radhi, sinunui," mpaka akafika kaunta.

"Dada," mwuzaji alimwambia kabla hajasema lolote, "najua ulichofuata. Lakini siwezi kufunga duka. Watu hawa wametoka asubuhi."

"Usifunge. Uza. Nitangoja magunia yaishe."

Akaketi sakafuni pembeni ya mzani, mgongo kwa rundo, akaanza kusuka.

Nilikuwa nimemfuata. Nikaona nafasi ya kutengeneza niliyoyaharibu, tena mbele ya watu. Nikapenya, nikainama kwenye upenyo, nikasema kwa sauti yangu laini kuliko zote, "Taali. Taali."

Kule nyuma kukasikika kucha zikiparura saruji, kitu kikijisukuma kwenda mbali zaidi, pembeni kabisa, kikigonga ukuta ambao haukuwa na pa kuendelea.

Vidole vya shangazi vilisimama. "Usilitamke tena," alisema, bila kugeuka.

"Makubwa haya!" akasema mwanamke mmoja katika foleni. "Watu tunatafuta unga, wengine wanatafuta paka."

"Nyamaza wewe," akamjibu bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake. "Unga utakukimbia? Pima ondoka."

Lakini jambo la ajabu likatokea. Aliyepimiwa alitoka akanong'ona kwa anayeingia, na anayeingia aliingia kwa kunyata. Mwuzaji akavua viatu. Akaacha kugonga kopo kwenye mzani kama alivyozoea, akalikung'uta kwa kiganja. Foleni ile yenye njaa, iliyokuwa ikigombana tangu asubuhi, ilipita mbele ya mwanamke anayesuka kama watu wanaopita kwenye nyumba ya mgonjwa. Gunia likaisha, likakunjwa. Likafuata jingine. Baada ya alasiri ukuta wa magunia ulikuwa umebaki safu moja, kisha matatu, na nyuma ya matatu hayo tukamwona: amelala bapa, manyoya yote yamekuwa ya njano kwa unga, mdomo wazi kidogo.

Hakuna aliyesogea. Shangazi akauacha ukili ujongee nyuma yake, juu, chini, juu, chini. Sijui tulingoja muda gani. Mwisho paka akaufuata ukili ule kwa tumbo, hakuugusa, akaufuata tu kama mtu anayefuata ukuta gizani, mpaka akaingia chini ya kanga ya shangazi. Naye akainuka taratibu sana, akimkumbatia ndani ya kanga.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeuziba bila kujua.

"Nipishe, Ndugu Katibu," akasema.

Tangu siku ile aliniita hivyo. Hakulisema kwa kejeli; alilisema kwa adabu, kama mtu anayemtaja mgeni kwa cheo chake. Salamu yangu aliiitikia. Chakula changu kilikuwa kiasi kile kile. Ila alinitolea barazani. "Ukiwamo ndani hali," alinieleza, na nikaelewa anamsema nani. Paka alikuwa amerudi uvunguni, na sahani ilikuwa imerudi ukutani, nyuma ya kitanda, pale ilipoanzia miezi tisa kabla. Shangazi aliketi na kusuka na kuisogeza shibiri, na kuirudisha. Lakini sasa hakuwa na neno la kumwitia. Alijaribu mara moja, akifikiri sipo. Nilisikia kucha kwenye fremu ya kitanda.

Barua ya Bibi ilikuja baada ya miezi miwili. Iliandikwa na mjukuu wake, kwa Kiswahili na kwa herufi za shule. Shangazi alijua herufi za Kiarabu za kusomea Kurani tu, si za kuandikia. Za shule hakuzijua. Ilibidi aniite niingie sebuleni. Nilisoma salamu ndefu, habari za joto la huko, maumivu ya magoti, kisha: *Na amana yangu je? Alishuka? Huja akiitwa?*

"Mjibu," akasema shangazi. Nikachukua kalamu. "Mwandikie alishuka. Mwandikie alikaa vizuri, akawa anatoka hata sebuleni, na alikuja akiitwa. Umeandika? Kisha mwandikie kwamba amana nimeiharibu. Nimeitoa nje ya nyumba, ikatishwa, sasa imerudi lakini si ile. Mwandikie namwomba radhi."

Kalamu ilisimama. "Si wewe uliyemtoa, Shangazi."

"Ilikuwa mikononi mwa nani?"

"Mwako, lakini..."

"Basi andika mimi."

Nikaandika *mimi*. Kwa mwandiko wangu mzuri, uliosifiwa shuleni, niliandika *mimi* na maana yake haikuwa mimi. Karatasi ilikuwa na nafasi chini, vidole vinne. Shangazi asingejua ningeongeza nini. Mstari mmoja ungetosha. Nilijiambia kwamba nikiongeza nitakuwa namvunjia amri mzazi. Posta nilisimama tena na barua ile haijafungwa, nikaisoma upya, nikaona sentensi zake zimepangika vizuri, nikailamba gundi.

Jibu liliwahi siku mbili kabla ya safari yangu ya jeshini. Shangazi aliniita kama mara ya kwanza. Aliketi mkekani, mikono magotini, akitazama mdomo wangu. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na gizani uvunguni nilijua kuna masikio.

Nilisoma salamu. Nilisoma kwamba Bibi amelia, kisha akacheka, kwamba hana kinyongo, kwamba paka ni kiumbe wa Mungu na Mungu ndiye mlinzi wake. Kisha macho yangu yakafika kwenye mstari uliofuata, nayo yakausoma kabla ya mdomo: *Lakini, ndugu yangu, miaka yote hii nakujua. Mkono uliomtoa si wako. Unamfichia mtu. Mwambie huyo mtu aniandikie mwenyewe, nitamsamehe.*

Niliruka mstari ule. Niliuruka bila kusita, sauti haikukatika, nikaendelea na salamu za mwisho kwa majirani wote, nikitaja kila nyumba.

"Ndiyo yote?" shangazi akauliza.

"Ndiyo yote, Shangazi."

"Alhamdulillahi," akasema, na akavuta pumzi ndefu. Akaipokea barua kwa mikono miwili, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akaiweka katika sanduku lake, chini ya kanga za sikukuu. Alikuwa amefurahi. Alifikiri yeye ndiye aliyesamehewa. Nami nilitoka barazani, kwa sababu ilikuwa saa ya paka kula.